KIBANDA CHA MLIMANI KIKIUNGUA
Tujenge tena, lakini tusijenge kama zamani

Kila mwaka mvua zikiisha, milima ya Kasulu na Kibondo hubaki kijani kwa majuma machache tu. Mwezi wa Juni majani yamegeuka rangi. Mwezi wa Agosti yamekauka kabisa, na upepo ukiyatikisa hulia kama karatasi. Ndipo usiku twaona mistari ya moto ikipanda milimani, na asubuhi jua latoka jekundu kwa moshi. Watoto hukaa nje wakitazama na kufurahi. Lakini yuko baba mmoja asiyefurahi. Anahesabu milima kwa kidole: huu wa kwanza, huu wa pili, na ule wa tatu unaowaka sasa ndipo kilipo kibanda chake.

Asiyejua maisha ya mlimani aweza kusema, “Ni kibanda tu, kitajengwa kingine.” Haya, tuhesabu kilichomo. Mna mahindi yaliyovunwa na bado hayajateremshwa nyumbani. Mna mbegu za maharage za mwaka ujao. Mna majembe, panga, sufuria, mikeka na blanketi. Pengine mna fedha kidogo ndani ya kopo, na makaratasi ya jamaa. Nje, juu ya miti, imo mizinga ya nyuki. Kikiungua kibanda mwezi wa Septemba, jamaa haikupoteza nyumba tu. Imepoteza chakula cha mwezi wa Desemba na mavuno ya mwaka unaofuata.

Basi leo, wapenzi wasomaji, tuzungumze juu ya jambo hili: nyumba ya mlimani ikiungua, tuanze wapi? Na tufanye nini ili mwaka ujao tusijenge tena mara ya pili?

KWA NINI TUNA VIBANDA MILIMANI

Wazee wa Buha hawakukaa kwa kusongamana. Kila jamaa ilikuwa na kilima chake, migomba yake na nyumba yake ya msonge, iliyoezekwa majani toka juu mpaka chini. Kisha mambo yakabadilika mara mbili. Katika miaka ya 1930 ugonjwa wa malale ulienea, na serikali ya Waingereza ikawakusanya watu wengi katika makao mapya ili wawe mbali na mapori yenye mbung'o. Tena tangu 1972 hata 1974, wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini, mkoa wa Kigoma ulikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza. Watu wakahamia kando ya barabara, nyumba zikapangwa mistari.

Nyumba zilihama, lakini mashamba hayana miguu. Kwa hiyo ziko jamaa nyingi zenye nyumba kijijini na kibanda huko juu shambani. Wakati wa kulima na wakati wa kulinda nyani, baba au vijana hulala kule. Kibanda kile kimezungukwa na majani marefu, na mara nyingi hakuna mtu wa kukilinda mwezi wa Agosti, maana mavuno yamekwisha na wote wameteremka. Ndiyo maana moto hukikuta peke yake.

MOTO WATOKA WAPI?

Watu husema, “Moto umekuja.” Maneno haya si kweli. Moto hauji wenyewe. Radi yaweza kuwasha pori, lakini radi huja pamoja na mvua, na mwezi wa Agosti mvua hakuna. Moto wa kiangazi una mikono ya mtu nyuma yake. Mmoja anasafisha shamba na kuchoma takataka, kisha anakwenda kunywa maji. Mwingine anarina asali kwa mwenge wa majani, na cheche zaanguka chini ya mti. Mchungaji ataka majani mabichi kwa ng'ombe wake. Mwindaji ataka kuona mbali. Mchoma mkaa ameacha tanuri lake kabla halijazimika.

Tena iko fikira ya zamani kwamba moto mkali ni dawa. Fikira hii haikutoka hewani. Zamani za Waingereza, Bwana C. F. M. Swynnerton, aliyeongoza uchunguzi wa mbung'o katika Tanganyika, alitumia moto mkali wa mwisho wa kiangazi huko Shinyanga ili kuteketeza vichaka walimokaa wadudu wale. Lakini kazi ile ilifanywa kwa mpango. Majani yaliachwa makusudi mpaka yakauke, siku ikachaguliwa, na watu wakajulishwa. Mtu anayetupa kiberiti mlimani peke yake mwezi wa Septemba hafukuzi mbung'o. Anachoma mizinga ya jirani.

SIKU ZA KWANZA BAADA YA MOTO

Moto ukipita, usikimbilie kukata miti mipya siku ile ile. Kwanza hakikisha kwamba umezimika. Kaa la moto hujificha ndani ya kisiki, ndani ya boriti iliyoanguka, hata ndani ya mizizi iliyokufa chini ya udongo, likaa siku nyingi. Mwaga maji, fukua, gusa kwa mgongo wa mkono. Tazama juu pia: mti mkavu uliosimama waweza kuungua ndani polepole na kuanguka siku ya tatu, wakati watoto wanaokota misumari chini yake. Watoto wasiingie kwenye majivu bila viatu.

Kisha tazama shamba, maana huenda halikufa kama lionekanavyo. Mihogo imejificha ardhini. Ijapokuwa mashina yameungua, mizizi yaweza kuliwa, lakini ichimbwe upesi kabla haijaharibika. Migomba iliyobabuka ikatwe chini, na machipukizi yatatoka kwenye shina lililo ardhini. Mbuni using'olewe kwa hasira. Kwangua gome karibu na ardhi kwa kisu. Ukiona kijani, mti ungali hai: ukate ubaki kisiki, nao utachipua wakati wa mvua.

Na makaratasi? Hapa watu wengi hukata tamaa bure. Cheti cha ubatizo na cha ndoa huandikwa katika vitabu vya parokia. Kikiungua nyumbani, kitabu kingali parokiani, nawe waweza kuomba kingine. Ukijua mahali na mwaka uliobatizwa, kazi ni nyepesi. Kwa cheti cha kuzaliwa na vitambulisho, anza kwa mtendaji wa kijiji, umwombe barua inayosema kwamba nyumba yako imeungua na tarehe yake. Fanya hivi juma lile lile, wakati kila mtu angali akikumbuka.

KUTA, NGUZO NA MABATI

Sasa tuje kwenye nyumba yenyewe. Tangu Septemba mpaka mvua za mwisho wa Oktoba au Novemba muda ni mfupi. Kwa hiyo lazima ujue ni kitu gani cha zamani kinachofaa kutumika tena, na kipi kitakudanganya.

Ukuta wa miti na udongo huonekana mzima baada ya moto, lakini ndani yake miti imeungua. Usukume kwa bega sehemu mbalimbali. Ukitikisika, ubomoe wote. Usiezeke juu ya ukuta wa namna hii, utawaangukia wenye kulala. Ukuta wa matofali mabichi huvumilia zaidi, maana udongo hauwaki. Lakini utazame juu ya mlango na madirisha: ule mti unaobeba matofali huko juu huungua wa kwanza, na matofali hubaki yakining'inia. Uuondoe na kutia mwingine kabla ya kazi nyingine yo yote. Tena ukuta wa udongo usio na paa hufa kwa mvua moja. Kama paa litachelewa, funika vichwa vya kuta kwa majani ya migomba na mawe juu yake.

Boriti iliyoungua ikwanguliwe kwa panga. Ukikuta chini ya kaa mti ungali mnene na mgumu, waweza kuutumia mahali pasipo na uzito. Ukikuta umebaki mwembamba, ni kuni.

Bati lililopita motoni hubadilika. Lile vazi jeupe linalozuia kutu ni madini ya zinki, nayo huyeyuka katika moto wa nyuzi 419 hivi. Bati lililogeuka rangi na kulegea litashika kutu katika mvua za kwanza. Litumie kwa banda la kuku au kufunika kuni, usiliezeke juu ya kitanda chako.

Miti mipya itoke wapi? Si katika msitu wa hifadhi bila kibali. Miti ya miombo ina tabia njema: ikikatwa au ikiungua huchipua tena kutoka kisikini. Kwa hiyo kata penye miti mingi, ukate chini kwa panga kali, uache kisiki safi kichipue. Mninga mkubwa ulioungua gome usidhani umekufa. Gome lake nene humkinga na moto, na majani yatarudi.

MAJANI YA KUEZEKEA YAMEKWENDA WAPI?

Hapa ndipo penye uchungu mkubwa. Mtu amesimamisha nguzo, amefunga fito, jirani wamekuja, lakini majani ya kuezekea hakuna. Moto ule ule uliochoma nyumba umechoma na majani ya mlima mzima! Atembee mbali sana, au anunue, au akae chini ya turubai mpaka majani mapya yakue, nayo hayatafaa kukatwa mpaka mwaka ujao mwezi wa Juni.

Dawa yake ni moja, tena haina gharama: kata majani mapema. Mwezi wa Juni na wa Julai, majani yakiisha kukauka kidogo, akina mama na vijana wakate mafungu ya kutosha, wayaweke kijijini juu ya jukwaa, mbali na jiko. Kama nyumba ikinusurika, majani yale yatatumika kuziba paa panapovuja. Kama ikiungua, utaezeka juma lile lile. Jirani kumi wakiweka mafungu machache kila mmoja, nyumba nzima ya mtu mmoja imekwisha ezekwa kabla haijaungua.

Mwenye uwezo aezeke bati au vigae, maana cheche zikiangukia bati hufa. Lakini asidhani kwamba bati limemaliza mambo. Cheche hupenya chini ya bati, kati ya ukuta na paa, zikakuta kuni na mahindi juu ya dari. Ziba nafasi ile kwa udongo.

Mbegu nazo zisikae mahali pamoja. Gawanya: fungu moja kibandani, fungu moja kijijini, na fungu moja kwa shemeji au shangazi katika kijiji kingine. Naye akuwekee zake. Hivyo moto mmoja hauwezi kula mwaka wenu wote.

UWANJA MTUPU NDIO UKUTA WA KWANZA

Msidhani kwamba balaa hili ni la watu wenye nyumba za majani tu. Mwezi wa Oktoba 2020 moto mkubwa uliwaka juu ya mlima Kilimanjaro, katika njia ya wageni kati ya Mandara na Horombo. Mamia ya watu walipanda kuuzima, na bado uliunguza kilometa za mraba zaidi ya 90. Huko Marekani, katika jimbo la California, mji wa milimani uitwao Paradise uliungua mwezi wa Novemba 2018. Watu 85 walikufa katika moto ule, na majengo zaidi ya 18,000 yaliteketea. Walikuwa na magari ya zimamoto, na maji ya bomba, na simu. Cheche zilipeperushwa na upepo mbele ya moto wenyewe, zikaangukia majani makavu kando ya nyumba.

Sheria ya California yawataka wenye nyumba milimani wasafishe mita kama 30 kuzunguka nyumba zao. Watu walio na kila mashine wamerudi kwenye jembe na panga. Nasi jembe na panga tunavyo.

Basi, kabla ya kusimamisha nguzo ya kwanza, safisha uwanja. Lima kabisa hatua kumi kuzunguka kibanda, udongo uonekane. Upande wa chini ya mlima fanya hatua ishirini au zaidi. Kwa nini? Kwa sababu moto hupanda mlima mbio kuliko uendavyo tambarare. Ndimi zake huinamia majani yaliyo juu yake, huyakausha kabla ya kuyafikia. Mabingwa wa moto wa Australia hukadiria kwamba kila mlima ukizidi kuinuka digrii 10, mwendo wa moto huwa maradufu. Kwa hiyo mahali pabaya kuliko pote pa kujenga ni pale juu ya mteremko mkali wenye majani, ijapokuwa pana upepo mzuri na waona mbali. Kama kibanda cha zamani kilikuwa pale, usione haya kukihamisha.

Uwanja usikae bure. Panda viazi vitamu, ambavyo hutambaa chini na kubaki kijani. Panda migomba upande utokako upepo, na uondoe majani yake makavu. Kuni zisipangwe ukutani. Jiko liwe mbali na nyumba, na kihenge kiwe mbali na vyote viwili. Na chini ya kila mti wenye mzinga palimwe pia. Mrina asali aache mwenge wa majani, atumie chombo cha kufukizia chenye kifuniko. Asali ni ile ile, na mlima wabaki salama.

MOTO WA MAPEMA NA MOTO WA MWISHO

Je, tuzuie moto wote kabisa? Lingekuwa jambo jema kama lingewezekana, lakini majani yasiyoungua miaka mingi hulundikana, na siku yakiwaka hakuna awezaye kuyazima. Huko Ndola, katika nchi iitwayo sasa Zambia, wataalamu wa misitu walianza jaribio mwaka 1933 katika pori la miombo kama letu. Sehemu moja waliichoma kila mwaka mapema, majani yakiwa hayajakauka sana. Sehemu nyingine waliichoma mwisho wa kiangazi. Sehemu nyingine walizuia moto. Matokeo yakatangazwa mwaka 1959 na Bwana Trapnell: palipochomwa mwisho wa kiangazi, miombo iliangamia na majani yakatawala, palipochomwa mapema, miti ilizidi kuishi, palipokingwa, msitu ulisongamana.

Fundisho ni wazi. Moto wa mwisho hula miti na kuleta majani mengi zaidi, na majani mengi huleta moto mkali zaidi mwaka unaofuata. Tukiendelea hivyo, wajukuu wetu watakosa nguzo, na asali, na mvua itachukua udongo wa milima.

Kwa hiyo, ikiwa lazima kuchoma kando ya shamba, kuchomwe mwezi wa Mei mwishoni au Juni, jioni, pasipo upepo, watu wengi wakiwapo na matawi mabichi na maji. Wala asichome mtu peke yake kwa siri. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inazuia kuchoma pori ovyo bila kibali. Mwende kwanza kwa viongozi wa kijiji. Siku ya kuchoma itangazwe mahali watu wanapokusanyika: sokoni, mkutanoni, hata nje ya kanisa baada ya Misa, ili mwenye kibanda mlimani apate kupanda na kusimama penye mali yake.

ALIYEWASHA MOTO

Limebaki jambo gumu kuliko matofali. Mara nyingi, baada ya moto, kijiji kizima chajua au chadhani kinajua nani aliyewasha. Hakuna asemaye. Mwenye kuunguliwa ananyamaza, lakini hamwamkii tena jirani yake. Watoto wao hawachezi pamoja. Mwaka unaofuata moto watokea upande wa pili, na watu wasema, “Ni bahati mbaya.” Hivyo moto mmoja wa saa mbili huwaka miaka kumi katika mioyo.

Wewe uliyeponyokwa na moto, usingoje kushtakiwa. Nenda mwenyewe, pamoja na mzee mmoja, useme, “Ndugu yangu, ni mimi. Nilikuwa nasafisha shamba, upepo ukanishinda.” Kisha usiishie kwenye maneno. Leta miti. Leta mbegu za maharage. Leta vijana wako siku tatu wapige udongo. Mtu aliyekiri na kufanya kazi hulipa nusu ya deni kabla mahakama haijasikia.

Nawe uliyeunguliwa, usimtaje mtu kwa kudhani tu. Taka mambo yapelekwe mbele ya viongozi wa kijiji, yasikilizwe mchana. Na akija aliyekosa na mti begani, mpokee mti ule. Wautaka sana: mvua ziko karibu.

Nasi wengine tusiohusika, tusiende kutazama majivu mikono mitupu. Wazee wetu walijua ujima: huyu analeta fito, huyu kamba, mama huyu chungu cha maharage ya wafanyakazi, na jioni ukuta umesimama. Ukoo mmoja hauwezi kujenga nyumba katika majuma sita na huku unatafuta chakula. Jumuiya ikigawana kazi, yawezekana.

KUMBUKENI MIEZI

Baba wa nyumba na ayaandike haya mlangoni. Mei na Juni: choma mapema kwa kibali, na tangaza. Juni na Julai: kata majani ya kuezekea, teremsha mahindi, gawanya mbegu. Julai: lima uwanja wa kibanda na chini ya mizinga. Agosti na Septemba: asiwashe mtu moto mlimani kwa sababu yo yote, na zamu ya kulinda ipangwe kwa vijana wa kijiji. Oktoba: ziba paa.

Kazi hizi zote kwa pamoja hazifiki uzito wa kujenga nyumba moja upya. Shika jembe mwezi wa Julai, usije ukashika majivu mwezi wa Septemba.